Fundi wa Vigae na Mkao wa Nge

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa vigae alikula kwa kuinama. Kutwa nzima magoti chini, akipanga sakafu za watu, na akirudi nyumbani mgongo umekakamaa kama ubao. Siku alipokuwa akimalizia ukumbi wa mazoezi, mwalimu wa yoga, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alimwona akijinyoosha huku akiguna.

"Fundi, wewe unakunjika upande mmoja tu," alimwambia. "Njoo Jumamosi tukukunje na wa pili."

Alikwenda kwa utani, akanogewa. Mwaka wa tatu akaanzishiwa mkao wa nge: unasimama kwa mikono, viwiko na viganja sakafuni, miguu juu, kisha unapinda mgongo mpaka nyayo ziguse utosi, kama nge aliyeinua mkia. Miezi minane nyayo zake ziliishia shubiri moja juu ya kichwa, zikagoma kushuka.

Jumapili moja alikuwa kichwa chini miguu juu sebuleni, kifua wazi, kaptura imeporomokea kiunoni, mapaja nje, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Mtu ambaye mbele yake hakuwahi hata kufungua kifungo cha shati. Kushuka kwa pupa kungemwangusha juu ya meza, kwa hiyo akabaki palepale.

"Shikamoo, mama," alisema kutoka sakafuni.

"Marahaba, baba. Umepatwa na nini?"

"Mazoezi tu, mama."

Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akarudi haraka kuficha kicheko. Mama mkwe aliketi, mkoba mapajani. Alikuwa mkunga mstaafu, na jicho la kazi halikuwa limestaafu.

"Unabana pumzi," alisema. "Unajikaza kama mzazi wa mara ya kwanza. Toa pumzi, taratibu. Usisukume."

Nani angembishia mkwe? Akatoa pumzi. Kifua kikafunguka, kiuno kikalegea, na nyayo zikashuka zenyewe mpaka akazisikia kwenye nywele, zina joto. Akakaa hivyo pumzi tano, mwili mwepesi, moyo umetulia.

Tangu hapo mama mkwe huja kila Jumapili, hukaa kiti kilekile na kumuuliza habari za kazi na wajukuu, naye humjibu miguu ikiwa hewani. Mengi waliyoshindwa kuambiana wakitazamana uso kwa uso, wameyamaliza hivyo.