Shingo ya Faraji Kinyozi

Pale saluni kwa Faraji, Kipawa, hutoki na ndevu safi tu. Baada ya taulo la moto anakushika kidevu kwa mkono huu, kisogo kwa mkono ule, nawe unafumba macho. Kichwa kinazungushwa ghafla, kaa! Watu wazima na akili zetu tulikuwa tunapanga foleni kuvunjwa shingo.

Kwa hiyo shingo yake mwenyewe ilipoanza kuuma, dawa ilikuwa karibu. Kila asubuhi, kabla ya wateja, kinyozi mwenzake Mbwana alimvunja shingo. Maumivu yalitulia, usiku yakarudi makali zaidi. Mkewe Najat alimsihi aende hospitali mpaka akachoka. Mganga hajigangi, wanasema, lakini Faraji alikuwa mbishi tu. Alikubali siku mashine ya kunyolea ilipomponyoka, vidole vimekufa ganzi.

Hospitalini, Daktari Avelina aliitazama picha ya shingo.

"Pingili ya pili kutoka juu ina uvimbe. Ni wa nadra sana, na umeshakula mfupa karibu wote. Kuna mtu anakugusagusa shingo?"

"Jamaa yangu ananivunjaga kila siku. Hata leo asubuhi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Angezidisha kidogo, ungefia pale pale kitini."

Kuanzia hapo Faraji aliogopa kila kitu. Aliogopa kupiga chafya, aliogopa mto. Alilala ameketi, kola ngumu shingoni, Najat akimsomea dua. Mbwana alipokuja kumjulia hali aliishia mlangoni, mikono mfukoni, akalia.

Madaktari wakachukua kinyama cha uvimbe kwa sindano, kukipima. Majibu yalisema si saratani ya kusambaa, ila uvimbe usipotolewa utaumaliza mfupa. Wangeutoa, kisha wafunge fuvu na shingo kwa vyuma. Asingeweza tena kugeuza kichwa kama zamani.

Asubuhi ya upasuaji alikuwa na swali moja.

"Nikishalala, mtanigeuza kifudifudi. Nani atanishika kichwa?"

"Mimi," alisema Avelina.

"Hebu nione mikono, dokta."

Akampa. Faraji aliipindua, akavitazama vidole kimoja kimoja, kama anavyomkagua kinyozi mgeni. Ilikuwa imetulia. Hakuwa na mwingine wa kumpa shingo yake, akafumba macho.