Matanga ya Nunzio

Shemeji yangu Hermenegildi aliwafundisha vijana kumi na wanne jinsi ya kuishi Italia kabla yeye mwenyewe hajaiona. Watu wa Ifakara walimcheka, eti kinyozi hajinyoi. Mimi pia nilimcheka miaka mitatu ya kwanza, na hilo bado linaniuma.

Mimi ni Apolonia, mke wa mdogo wake, Ildefonce. Tuliishi ua mmoja, nyumba mbili zikitazamana, nyuma ya ghala kuukuu la mpunga la misheni. Hermenegildi hakuwa na mke. Nilimtania, kama shemeji anavyoruhusiwa: "Shemeji, ugali wako nitaupika mpaka lini?" Jibu lake lilikuwa moja tu: "Mwenye safari hajengi." Nikadhani ni uvivu wa kutafuta mchumba.

Kitaliani alikitoa vitani. Wakati wa vita ya Hitla alikuwa askari, akapangiwa kulinda kambi ya mateka Wataliani kule Kenya, kwenye nyanda za baridi. Mateka mmoja, fundi viatu aliyeitwa Nunzio, ndiye aliyemfundisha lugha, siku baada ya siku, miaka miwili. Nunzio alifia kambini. Hermenegildi alirudi kwetu mwaka 1946 na kitabu kidogo cha sala cha marehemu, kimefungwa kwa kipande cha kaki. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na jina la mama yake Nunzio na jina la kijiji chao, mlimani, si mbali na Napoli.

"Si ukitume kwa posta?" nilimuuliza.

"Habari ya kifo haitumwi kwa posta, shemeji."

Hapo alikuwa sahihi, na kila Mpogoro na Mndamba analijua hilo. Kwetu mtu akifa, yule aliyekuwa kitandani pake husimama mbele ya wafiwa na kueleza: ugonjwa ulianza lini, aliomba nini, alikata roho saa ngapi. Jirani haelezi, wala aliyesikia kwa mwingine haelezi. Aliyeona ndiye anayesema, na bila hivyo matanga hayaanuliwi. Kwa hesabu ya Hermenegildi, yule mama alikuwa bado amekaa matangani kwa sababu yake.

Mwaka 1953 ukaja mlango. Seminari kuu ilianza kupeleka vijana wa mwaka wa kwanza kusoma Roma kwa muhula mmoja, wawili au watatu kila mwaka. Vijana hao walizaliwa Mahenge na Idete, hawajawahi kuona ngazi ya ghorofa. Padre Anselmi, mkuu wa misheni, Mswisi mwenye ndevu hadi kifuani, akamwita Hermenegildi. "Waandae hawa watatu," alimwambia. "Mwaka kesho wewe mwenyewe utawasindikiza wenzao."

Basi mtu huyo alifundisha! Vijana walifika mwezi wa tano, maji yakishapungua na pantoni ikaanza tena kuvusha, wakakaa hadi mwezi wa tisa. Ghala la mpunga likawa darasa. Aliwavalisha makoti ya kijeshi saa sita mchana, jua la Ifakara likiwaka, ili wazoee uzito wake. Alinituma dukani kwa Mhindi kununua tambi, nikazichemsha, wakafundishwa kuzizungusha kwenye uma bila kuzivuta kwa mdomo. Alichora barabara kwa chokaa kwenye uwanja wa kupuria mpunga, mume wangu akapita na baiskeli mara kumi, mara ishirini, upande wa kulia kama magari ya huko, mpaka vijana wakajua kutazama kushoto kwanza. Mwezi wa saba aliwapeleka Uchindile, juu milimani, siku tano za kwenda, wakajifunze baridi. Waliamka huko alfajiri na kunawa maji ya kijito, na wakirudi walikuwa na mafua lakini hawakuogopa tena. Aliwafundisha hata kukataa chakula bila kumuudhi mwenye nyumba, jambo ambalo huku kwetu hatulijui kabisa.

Na mimi nilitwanga mpunga kwenye upenu wa ghala hilo hilo. Ukuta ulikuwa wa mabati na miti. Kila neno lilinifikia.

Wale watatu walifika Roma, na barua ikaja ikisema hawajapata kuona Waafrika walioandaliwa vizuri namna hiyo. Padre Anselmi aliisoma kanisani. Tulipiga vigelegele. Hermenegildi alishona begi la turubai.

Mwaka 1954 alikwenda kwa padre na begi lake. Padre akamshika bega. "Hermenegildi, wewe ni dhahabu yetu. Ukienda, nani atawafundisha wa mwaka kesho?"

Mwaka 1955 neno lile lile. Mwaka 1956 padre hakungoja hata aulizwe. Ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu niliona mtego ulivyokaa. Kadiri alivyofundisha vizuri ndivyo alivyofungwa. Na kufundisha vibaya hakuweza, maana vijana wa watu wangekwenda kugongwa na magari. Nilimwambia, "Shemeji, mwaka huu zubaa kidogo." Alinitazama kana kwamba nimemwambia awape sumu. Nilikasirika, nikamwacha na tambi zake zikipoa.

Kila mwezi wa tisa alisimama barabarani kusindikiza lori la kwenda Kilosa, ambako vijana walipanda treni hadi Dar es Salaam na meli. Kila mara kijana mmoja alisema, "Mwalimu, nipe mimi hicho kitabu nikipeleke." Kila mara alikataa. Lori lilipokwisha kutoweka aliendelea kusimama pale pale kwenye vumbi, mikono nyuma, mguu sawa. Ulinzi haukumtoka mwilini.

Mwaka 1957 alikuwamo kijana mmoja, Melkiori, wa Idete, mbishi. Hakuomba kitabu. Alilichungulia jina la kijiji na kulikariri, na Januari ikaja barua yake. Alikuwa amepanda basi hadi kule mlimani siku ya mapumziko. Mama Nunzio yu hai, aliandika. Ana miaka sabini na minane. Serikali ilimpelekea karatasi mwaka 1944 ikisema mwanawe alikufa kwa ugonjwa, mstari mmoja tu. "Nilimwambia kwetu yupo mtu aliyekuwa naye. Nikataka kumsimulia machache niliyoyasikia kwako, Mwalimu, akanizuia kwa mkono. Akasema: asije kuniambia mwingine. Aje yeye mwenyewe, ila asichelewe."

Mvua za mwaka huo wa 1958 zilikuwa kubwa. Bonde lote liligeuka maji, pantoni ikafungwa, barabara ya Kilosa ikakatika. Sisi tulikuwa shambani, juu ya dungu, kile kibanda chetu cha miguu mirefu, tukiamia ndege wasile mpunga. Mume wangu alikuwa ameingia na mtumbwi kutega samaki. Hermenegildi alivuta kamba ya madebe, ndege wakaruka, wakarudi kutua pale pale. Chini yetu maji kila upande. Akasema bila kunitazama:

"Shemeji, ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Ufunguo gani?"

Akanieleza. Nunzio alikuwa amefungiwa chumba cha adhabu kwa kumjibu afisa. Ilikuwa Jumapili, wakubwa wote wamekwenda kutazama mpira. Amri ilisema mlango usifunguliwe mpaka sajenti arudi. Baada ya chakula cha mchana Nunzio akashikwa na tumbo. Aliita. Aliita jina la Hermenegildi. Dirishani kulikuwa na nondo, akampitishia maji kwa kikombe cha bati. Nunzio alisema, fungua, rafiki, nipeleke kwa daktari. Hermenegildi alisimama na ufunguo mfukoni, akaitazama njia ya sajenti. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na askari aliyevunja amri wiki moja kabla alikuwa amechapwa mbele ya kambi nzima. Sajenti alirudi jua linazama. Mlango ulipofunguliwa Nunzio alikuwa amekwisha kufa, kitabu cha sala kiko dirishani, upande wa nje.

"Wote mnafikiri naenda kumpa pole," alisema. "Naenda kumwambia ni mimi niliyekuwa mlangoni. Nimpe nani akaseme hilo badala yangu?"

Nililia, sina haya kusema. Nililia kwa ajili ya yule mama na kwa ajili yake, na pia kwa hasira, kwa kuwa miaka yote hiyo nilimwita mvivu. Miaka kumi na mitano alikuwa bado amesimama mbele ya mlango ule. Na huku kwetu akapata amri nyingine, na mtu mwingine wa kumngoja aseme ndiyo.

Mwezi wa tano vijana wapya walikuja, wawili. Hermenegildi akaenda kwa padre na barua ya Melkiori. Nilimfuata, bila kualikwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," tulisema.

"Milele amina." Padre Anselmi aliisoma barua mara mbili. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Machozi yalimlengalenga. Kisha akasema, kwa upole ule ule wa miaka mitano, "Lakini mwanangu, nani atawafundisha?"

"Mimi, Baba Padre," nikasema.

Alinitazama kama aliyesikia kinu kikizungumza. Hermenegildi naye akageuka. Sikumngoja mtu. Nilianza na salamu ya asubuhi ya Kitaliani, nikaingia salamu ya jioni, nikaomba mkate mezani, nikaukataa mkate mezani bila kumuudhi mwenye nyumba, nikauliza njia ya kituo cha treni, nikaita daktari. Miaka mitano nilikuwa nimetwanga kwenye upenu ule, mchi ukishuka na neno, ukipanda na neno. Padre akaniuliza maswali kwa Kitaliani, nikajibu. Moja sikulielewa, nikamwambia arudie polepole na asimung'unye ndevu. Akacheka mpaka akakohoa.

Alinipa masharti, maana mwanamke kufundisha vijana wa seminari halikuwa jambo dogo. Mlango uwe wazi saa zote, na katekista Barnaba akae ndani. Barnaba alikaa kweli, akasinzia kuanzia sala ya kufungua mpaka ya kufunga. Hermenegildi alinisikiliza miezi minne, akinisahihisha. Mwezi wa tisa akapanda lori pamoja na wale wawili, begi la turubai magotini. Safari hii mimi ndiye niliyebaki kwenye vumbi.

Alirudi mwezi wa tatu, 1959, amekonda. Alikaa jikoni kwangu akanisimulia. Mama Nunzio alimweka kwenye kiti, majirani wakajaa, wanawake wote wamevaa nyeusi. Hermenegildi alisimama, akaeleza kwa Kitaliani, tangu asubuhi ya Jumapili ile mpaka jua kuzama. Ufunguo hakuuficha. Kisha mama yule akauliza jambo moja tu: maji, alikunywa?

"Alikunywa," Hermenegildi alijibu. "Vikombe viwili."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akakichukua kitabu, akakibusu. Baadaye akaingia ndani, akatoka amevua kitambaa cheusi cha kichwani, akaanza kuwaandalia watu chakula.

Nilimuuliza, "Alikusamehe?"

"Sijui, shemeji. Alinipa chakula nikala."

Hakurudi darasani tena. Padre alimbembeleza, akakataa kwa adabu. Mwaka ule ule alivuka mto, akajenga nyumba Lupiro na kumwoa Konsolata, mjane mwenye maneno makali, na shemeji yangu akanenepa. Mwenye safari alikuwa amefika.

Na mimi? Mwezi wa nane binti yangu Digna, aliyeolewa huko huko Lupiro, alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Kwetu mama ndiye anayempokea mjukuu, si mwingine. Nilifunga kanga zangu mbili, nikaenda kwa Padre Anselmi kuomba wiki tatu. Alinipongeza. Akaniambia barua imetoka Roma, wanasifu sana walioandaliwa na Mama Apolonia. Akanishika bega.

"Lakini mama yangu, safari ni mwezi ujao. Nani atawafundisha?"

Niliangalia kushoto na kulia. Kwenye upenu wa ghala hapakuwa na mtu anayetwanga. Mashine ya kukoboa ilikuwa imekwisha kufika mjini. Ningeweza kuondoka, hakuna aliyenifunga kamba. Lakini vijana watatu walikuwa wamekaa ndani na makoti yao, na mmoja wao bado alitazama kulia kwanza kila alipovuka barabara ya chokaa.

Siku nane baadaye Hermenegildi alikuja kwa baiskeli kutoka Lupiro, matope mpaka magotini. Hakuketi. Alisimama kwenye mlango wa ghala, mikono nyuma, akanieleza: uchungu ulianza lini, Digna aliomba nini, aliita jina la nani, mtoto alilia saa ngapi, na kwamba ni wa kike na ameitwa Apolonia. Alieleza mwanzo hadi mwisho, hakuruka kitu, kwa sababu yeye alikuwepo, amesimama nje ya mlango. Mimi nilimsikiliza chaki ikiwa mkononi.