Maharage ya Ushahidi

Shangazi yangu Gaudiose, ambaye kwa Kirundi chetu tunamwita Masenge, analima maharage kijijini Magamba na kuyauza soko la Kashaulili. Ni mtu anayeweza kugombana na mvua ikamwomba radhi. Ana VVU mwaka wa kumi na sita huu, na hafichi. Anamsimulia hata mteja aliyeulizia bei tu.

Mwaka jana kipimo kikaonyesha virusi vyake vimepanda. Kule kliniki Nesi Mariana akamwangalia juu ya miwani.

"Mama Gaudiose, unaruka dawa."

"Mimi naruka madimbwi tu, nesi."

Nesi hakucheka. Akampa miezi mitatu ya ushauri, kisha apimwe tena. Masenge alirudi nyumbani kavimba kwa hasira. Kuumwa alishazoea. Kuitwa muongo, hapana. Halafu kulikuwa na jambo kubwa zaidi: akionekana hamezi, ataendelea kupewa vidonge vilevile, na kama havifanyi kazi tena, je?

Basi akatafuta kibuyu kidogo. Kila saa mbili usiku, redio ikianza taarifa ya habari, anameza kidonge na kudondosha harage moja kibuyuni. *Ta!* Nyumba nzima tunanyamaza kusikiliza, kama vile ni wimbo wa taifa.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi, Emelyne, kidato cha tatu, mpishi wa zamu. Siku moja kabla ya majibu, maharage ya sufuriani yalikuwa machache. Nikaona kibuyu. Nikayamwaga yote sufuriani, nikaongeza maji, nikaendelea na jiometri yangu. Tulikula vizuri sana. Masenge mwenyewe aliongeza sahani.

Asubuhi akatafuta kibuyu chake, akakitikisa. Kimya.

"Emelyne!"

"Abee, Masenge."

"Mashahidi wangu wako wapi?"

Nikatazama tumbo langu. Halafu lake. Akanishika sikio, tukaenda kliniki hivyo hivyo, mimi kama kielelezo.

Majibu yalikuwa yaleyale: virusi viko juu. Masenge akanisukuma mbele. "Sema!"

"Shikamoo, nesi. Alikuwa anahesabu dawa kwa maharage. Tisini. Nimeyapika."

"Ushahidi mmeula?"

"Ulikuwa mtamu, nesi."

Nesi akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho. "Lakini mama, muuza maharage unaniletea maharage kuwa shahidi! Ungekosa ya kuongezea?"

Hilo Masenge hakuwa amelifikiria.

Ikabidi niseme ninachokijua. Nalala naye chumba kimoja, na sijawahi kuona siku amepitisha taarifa ya habari bila kumeza. Hata siku ya msiba wa Babu Nestori alimeza analia. Nesi akamwita daktari. Damu ikapelekwa maabara ya mbali, kuangalia virusi vyenyewe vina sura gani.

Wiki zikapita ndipo tukaitwa. Nesi akaeleza polepole. Virusi vikizaliana vinakoseakosea kujinakili, kwa hiyo watoto hawafanani na wazazi. Dawa inaua vingi, ila kikitokea kimoja ambacho haikiwezi, hicho kinabaki na kuzaa ukoo wake.

Masenge akapiga paja. "Kumbe na vyenyewe vinapanda mchanganyiko!"

Maana yeye hapandi mbegu ya aina moja. Anachanganya mekundu, ya njano na meusi shamba moja, ili ugonjwa ukila haya, yale yabaki. "Nani kavifundisha kilimo changu?"

"Ndiyo hivyo," nesi akasema. "Huenda vilianza kujifunza enzi za dawa zako za zamani. Sasa tumeona ni vipi vilivyobaki, tunachagua dawa inayoviweza. Na mama, visingebadilika hivi kama visingekuwa vinakutana na dawa. Asiyemeza kabisa, virusi vyake vinakwepa nini?"

Mimi nilielewa kabla ya Masenge: virusi vyenyewe ndivyo vilimtolea ushahidi. Na mashahidi hao hawapikiki.

Dawa mpya ni za asubuhi na jioni. Baada ya miezi kadhaa virusi vikashuka mpaka mashine ikashindwa kuviona. Jumamosi hiyo Nesi Mariana akaja sokoni kununua kindoo kimoja cha sado cha maharage. Masenge akapima, akakisawazisha juu kwa kiganja.

"Na nyongeza je?" nesi akauliza.

"Nyongeza wanapewa walioomba radhi."

Nesi akatazama huku na huku. "Nisamehe, mama. Ulikuwa unameza."

Masenge akachagua harage moja, jekundu, akaliweka juu taratibu.

"La kidonge cha jioni ya leo hilo. Ulitunze. Na usimpe Emelyne."