Baba Mkwe Kwenye Orodha ya Wateja

Leo nacheka, lakini siku ile ardhi ya mtaa wetu wa Kwa Mathias ingepasuka ningeingia mwenyewe bila kusukumwa. Nauza vifaranga dukani kwa Mama Salma, mwenye maduka mawili, hapa Kibaha na kule Kisarawe, na majina ya wateja yalikuwa yametapakaa, mengine kwenye daftari, mengine kwenye simu yake, mengine kwenye yangu. Nikajitia mtaalamu, nikamshauri tujiunge na huduma ya mtandaoni inayounganisha orodha zote na kumtumia kila mteja ujumbe kwa jina lake. "Mama, utapumzika," nikamwambia, naye akaniachia.

Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu, vifaranga wanalia taratibu kwenye maboksi, nami nikaunganisha simu yangu kama ilivyo (kupitia majina niliona uvivu), kisha nikaegemea kaunta nikimuwaza Zuhura, mteja wetu wa Kisarawe, anavyowashika vifaranga kwa viganja viwili kama mtu anayekinga maji, nikaona nyumba yetu, banda letu, yeye anarusha pumba, mimi naokota mayai, hata majina ya watoto nilikuwa nayo (Zuhura mwenyewe hajui lolote, sijawahi kumwambia zaidi ya "karibu tena"). Nikiwa hukohuko ndotoni nikabonyeza tuma.

Mchana akaingia baba yake, Mzee Kondo, katoka Kisarawe, pindo la kanzu limelowa, simu mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Hebu nisomee, miwani nimeisahau."

Nikasoma: "Habari Baba Mkwe, vifaranga wako wako tayari." Nikamrudishia simu haraka, maana ndivyo nilivyomsevu kwenye simu yangu, na binti yake nilimsevu Mke Wangu, naye keshapata ujumbe wake. Mama Salma akageukia maboksi, mabega yanatikisika.

"Anayeniita hivyo hapa dukani ni nani?"

"Mimi, mzee."

"Kwetu posa huletwa na mshenga, anakaribishwa chai, anaulizwa ukoo. Wewe umetuma kompyuta." Akabeba vifaranga wake, mlangoni akageuka. "Zuhura anasema kama una neno, mdomo unao."

Jumamosi nikaenda Kisarawe, nikamwambia Zuhura yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hapana, kwa upole uleule anaowashikia vifaranga, nami iliniuma.

Siku hizi namsevu kila mtu kwa jina alilopewa na wazazi wake, na ndoto zangu siziunganishi na kitu chochote.