Nyongo ya Mama Ngumi

Kwanza tuelewane: hakuitwa Mama Ngumi kwa ugomvi. Ugomvi aliuweza, tena sana, lakini jina lilitokana na kazi. Watu wengine humchuna kondoo kwa kisu mwanzo mwisho, wakaitoboa ngozi na kuichanachana nyama. Yeye kisu alikitumia pale miguuni tu, kuanzia, kisha anakiweka kando, anakunja ngumi na kuipenyeza kati ya ngozi na nyama, anasukuma. Ngozi inaachia nzima nzima, na sufu haigusi nyama. Ikigusa, alisema, utakula harufu ya zizi. Alifanya hivyo tangu bibi harusi hadi ameota mvi, uani kwake, chini ya boriti ya banda, kwa kondoo aliowazalisha mwenyewe.

Halafu kiharusi kikampiga. Mdomo ulirudi mahali pake, na ulimi pia, majirani wakatania kwamba huo ungechelewa kidogo nao wapumzike. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulishika kikombe, lakini kukaza kamba haukuweza.

Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, akaja na huruma zake. Huruma ya mtoto inaudhi, jamani, hasa ikija na mipango.

"Mama, umefanya kazi vya kutosha. Njoo ukae kwangu mjini. Hawa kondoo nimeshaongea na dalali."

"Umeongea na dalali kabla ya kuongea na mimi?"

"Usilichukulie hivyo, Mama. Basi tufanye hivi: chinja mmoja, umchune na kumpasua peke yako, nyama isiharibike. Ukiweza, sitasema tena. Ukishindwa, dalali anapakia wote."

Mama Ngumi alimkata jicho. "Mlete huyo dalali wako." Zaidi ya hapo hakutamka neno.

Dalali akaja, mtu wa tumbo na maneno mengi, na pikapu yake ameshaifungua mlango wa nyuma. Yaani hata salamu haijaisha, mlango uko wazi! Mama Ngumi aliuona, akameza hasira yake, akaenda zizini.

Alimtoa dume ambaye tangu jana alipewa maji tu, tumbo liwe jepesi. Akamwongoza taratibu, akimsemesha kama mtu anayepelekwa kinyozi. Akamlaza, akamfunga miguu kwa mkono mmoja na meno. Mwanawe akainuka kusaidia.

"Keti!"

Akaketi. Kisu kilikuwa kimenolewa vizuri, na alikishika kwa kushoto. Kikapita mara moja, dume akatulia.

Kumtundika ndiko kulikowatia watu wasiwasi. Alirusha kamba ya miguuni juu ya boriti, akajizungushia kiunoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ukagusa ukuta, kondoo anapanda. Dalali alicheka mwanzoni. Kamba ilipofungwa kwenye msumari, alikuwa ameacha.

Sasa ngumi ya kushoto. Loo, haikuwa na akili ya ile nyingine! Ilikwenda kombo, ikachoka, akaipumzisha, akaitukana, ikaendelea. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu, lakini ngozi iliachia nzima, bila tundu. Akafunga umio kwa uzi ili uchafu usirudi, akafungua tumbo, matumbo yakateremka kwenye beseni salama salimini. Dereva alikuwa roho juu, na mwenyewe hakujua anamwombea mama yake aweze au ashindwe.

Likabaki ini. Ini huinuliwa kwa mkono mmoja, nyongo ikakatwa kwa mwingine. Akaliinua kwa kulia, kwa kuwa mwingine ulikuwa na kisu. Vidole vikalegea. Ini likateleza, ncha ya kisu ikachoma, na nyongo ikamwagika kijani kibichi juu ya ini mpaka mbavuni.

Alikuwa amewapa mgongo. Angeweza kumwaga maji haraka haraka, nani angejua? Akageuka.

"Nyongo imepasuka," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Dalali akajipangusa mikono ambayo haikufanya kazi yoyote. "Pole sana, mama. Umejitahidi. Bwana dereva, tupakie?"

Dereva akasimama, macho yamelowa. "Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana na nani? Wewe ulipanga, mimi nikasema mlete dalali. Kaja, kaona, aende zake." Akachota maji, akamwagia mbavu, akakata kipande cha ini kilicholowa na kukitupa. "Nyongo ilinipasukia hata nikiwa na mikono miwili. Mwaka ule nimeolewa, marehemu baba yako alikula maini machungu mbele ya mama mkwe wangu, akasema matamu. Hakuna aliyeuza kondoo wangu!"

"Lakini, Mama, hali yako..."

"Hali yangu naijua. Wewe ulipojifunza gari, ulibomoa ukuta wa choo changu, na mimi nimo ndani. Ndani! Nilitoka nimeshikilia kanga, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuuliza nini?"

Dereva akatazama chini. "Uliniuliza kama nimeumia."

"Halafu nikasemaje?"

Dalali akasogea karibu, maana hata yeye sasa alitaka kujua.

"Ulisema niwashe tena."

Dalali akaenda kwenye pikapu, akafunga ule mlango wa nyuma, akaondoka bila kuaga. Zizini kondoo waliendelea kutafuna.

Dereva akakunja mikono ya shati. "Mama, siku nyingine ini nitakushikia mimi."

"Utashika nikikuambia. Sasa keti, sijamaliza."

Akaketi. Mama Ngumi akafuta kisu kwenye kanga, akakihamishia kushoto, akaanza kuukata mguu wa nyuma.