Bi Waya na Majina Yaliyogoma Kurudi

Mwanamke huyu mmeshamwona, hata kama hamumjui. Ndiye yule anayeingia ofisini wakati wote wameshika vichwa, miwani imepandishwa nywelini, bisibisi mfukoni, anauliza swali moja tu: "Nani amegusa mara ya mwisho?" Hapo kila mtu huanza kutazama dari.

Karakana yao hutengeneza miguu na mikono bandia, na huu ni mwaka wake wa ishirini na mbili pale. Aliajiriwa kupokea simu. Siku moja mtambo wa simu ukafa, fundi wa nje akawa anaahidi kesho, na kesho tena, mpaka mwenyewe akachoka kukaa bure akaufungua kwa kisu cha kupakia siagi. Ukapona. Tangu siku hiyo hakuna aliyekumbuka kumrudisha kwenye simu. Walipoleta kompyuta zikawa zake, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu. Yeye ni Bi Waya, basi.

Msimamizi wa karakana ni shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Ni mtu mwema, mikono yake ni ya dhahabu kwenye plasta, lakini kwa pupa hana mpinzani. Wawili hao hutaniana kutwa, na asiyewajua hudhani wanagombana.

Jumatatu moja, saa mbili na nusu asubuhi, msimamizi hakuwa akitania.

"Shemeji! Njoo uone kazi ya kufuli lako!"

Bi Waya akaenda. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na folda ya vipimo vya wagonjwa, faili mia tatu na arobaini, na hakuna hata moja yenye jina la mtu. Zilikuwa herufi zimerundikana, kubwa kwa ndogo, tarakimu katikati, kama paka amelala kwenye kibodi.

"Nenosiri umeweka?"

"Nimeweka. Inasema imefunguka. Sasa imefungukaje, mbona ni takataka tupu?"

Kufuli hilo lilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa pale pale kwenye benchi la dirishani, magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa fundi cherehani. Mwaka uliopita picha ya kigutu chake, iliyopigwa kwa ajili ya vipimo, ilichomoka kwenye folda ile ikazunguka kwenye simu za watu. Nani aliitoa, hadi leo haijulikani. Bi Waya alilia kwa hasira, kisha akafunga folda nzima. Faili zinakaa kwenye seva, kompyuta kuu iliyo chumba cha stoo, zimevurugwa kuanzia majina hadi yaliyomo. Kompyuta moja tu, ya msimamizi, ndiyo inayoweza kuzisoma, tena baada ya nenosiri. Bila nenosiri unaona mvurugo, kama huu uliokuwa mbele yao.

Na fundi cherehani alikuja kuchongewa mguu mpya. Cherehani yake ni ya kukanyaga, na mguu bandia wa kawaida haukanyagi pedali, unaigonga tu. Ilibidi apimwe mara tano. Mara mbili soksi ilitoka na damu. Alhamisi iliyopita ndipo walipoipata pembe ya kifundo aliyoitaka, na vipimo vile havikuandikwa popote ila kwenye folda. Nakala ya folda iliyokuwa kwenye droo ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

"Yameharibika haya," msimamizi alisema. "Nafuta yote, narudisha nakala ya zamani, na kufuli lako linatoka leo leo."

"Ukifuta, umefuta kweli, shemeji. Hizo ndizo faili zenyewe, zimejifunika tu."

"Na vipimo vya dada huyu?"

"Vimo humo humo."

"Basi vitoe. Nakupa mpaka saa nne."

Tuseme ukweli, Bi Waya aliogopa. Alikwenda stoo, akaikuta seva inanguruma vizuri, haina homa. Akarudi, akaweka nenosiri yeye mwenyewe, herufi moja moja. Imefunguka, kompyuta ikajibu kwa adabu zote. Majina yakabaki vile vile. Jasho likamtoka. Akiinuka tu kitini, msimamizi anakalia na kubonyeza: anafunga orodha, anaifungua, anaifunga, anaifungua.

"Nitapimwa tena?" fundi cherehani aliuliza kutoka benchini. Aliuliza polepole, akijishika paja.

"Hupimwi tena," Bi Waya alisema, na moyoni hakuwa na uhakika hata chembe.

Ilipokaribia saa nne alikuwa chini ya meza akikagua waya, na alipoinua kichwa akaona faili zote mia tatu na arobaini zimegeuka buluu. Msimamizi alikuwa amezichagua zote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta.

"Toa kidole hicho!"

Alikitoa. Hata yeye alishtuka.

"Kaa hapo," Bi Waya akamwambia, huku akijipangusa vumbi magotini. "Nieleze ulichofanya tangu ulipoingia. Usiruke kitu."

"Nimefungua mlango. Nimewasha kompyuta. Nimehesabu. Nimeweka nenosiri."

"Umehesabu nini?"

"Faili. Si nazihesabu kila siku kabla ya kufungua kufuli? Hiyo seva yako ilishawahi kuzimika nikahangaika siku nzima. Kwa hiyo nachungulia kwanza. Zikiwa zimetimia, nakunywa chai, ndipo nakuja kuzifungua."

"Na leo chai umekunywa?"

Msimamizi akainamisha macho. "Ijumaa daktari kanipiga marufuku. Chai, sukari, kila kitu."

Bi Waya akacheka mpaka miwani ikamwangukia puani. Kila mtu akamshangaa.

"Shemeji, kompyuta yako ni mvivu kama mdogo wako," alisema. "Haipendi kwenda stoo kila mara kuuliza majina. Ikishauliza mara moja, inaiweka orodha kichwani na kukusomea hiyo hiyo. Wewe umechungulia kufuli likiwa limefungwa, ikakariri mvurugo. Siku zote ukienda kwenye chai yako ya nusu saa, orodha ile inachacha, kompyuta inaitupa, ukirudi inauliza upya. Leo umefungua papo hapo. Halafu unabonyeza asubuhi nzima, nayo inaona orodha bado inatakiwa, inazidi kuishikilia. Kufuli halina kosa."

Akafunga kila dirisha la kiooni lililokuwa likitazama folda. Akaitenga kompyuta na seva, akaiamuru isahau ilichokariri, akaiunganisha upya. Safari hii akaweka nenosiri kabla ya mtu yeyote kuchungulia.

Majina yakaja yote. Fundi cherehani alishajikongoja na magongo yake mpaka kwenye meza, akaliona lake, majina yote matatu. Msimamizi akafungua faili, akasoma pembe ya kifundo kwa sauti, akachapisha karatasi moja, akaikunja na kuitia mfukoni.

"Alhamdulillahi," alisema. "Lakini kufuli linatoka. Kitu cha kututoa roho hivi cha nini?"

Bi Waya alifungua mdomo, ila fundi cherehani alimtangulia.

"Kaka, ile picha nilionyeshwa na mteja wangu. Nilikuwa nampima mabega. Akaitoa kwenye simu, anacheka, ananiambia, hebu ona maajabu. Hakujua ni mimi. Sketi yangu ni ndefu, inafunika yote. Nikacheka naye, nikaendelea kumpima. Leo nimekaa hapo nikijua labda naanza upya, mara tano tena, damu tena. Na bado ningeanza. Funga."

Msimamizi akasogea mwenyewe, akaifunga folda. Bi Waya akaiamuru kompyuta isahau tena, maana sasa ilikuwa imekariri majina ya kweli, kisha akamgeuzia fundi cherehani kioo.

Alilitafuta jina lake mstari kwa mstari, kidole kikiwa juu ya kioo, hadi mwisho wa orodha. Hakuliona, na hapo ndipo akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.