Gurudumu la Kermesi na Neno Nililokataa Kusema

Kuna siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na leo umenilazimisha niitoe. Tangu asubuhi unaniambia kichwa kinakuuma, mara tumbo, mara viatu vinakubana, na mimi najua kabisa huna ugonjwa wowote. Unaogopa ile mashini ya kuzungusha watu ambayo wenzako wanakwenda kuipanda mjini. Basi sema unaogopa! Unanichosha. Kaa hapa, uache kushika hilo tumbo, unisikilize. Upumbavu huu wako naufahamu tangu zamani, kwa sababu niliufanya mimi mwenyewe, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, hapa hapa Kasongo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikikaa kwa Shangazi Zaina, dada ya baba yangu, ambaye alikuwa mshonaji. Kila mwaka Wazungu walifanya sikukuu yao waliyoiita kermesi. Watu walishindana kukimbia ndani ya magunia, vijana walipanda mti uliopakwa mafuta, muziki ukapigwa mpaka jua likazama. Mwaka ule mfanyabiashara mmoja wa Kizungu alileta kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Kilifika kutoka Bukavu kwa kamio mbili, yaani malori, vipande vipande, na kilipokwisha kuunganishwa kilikuwa gurudumu la chuma lililosimama juu kupita mapaa ya maduka. Lilikuwa na masanduku manane ya mbao, kila sanduku na kiti cha watu wawili. Moteri ikinguruma, masanduku yanapanda, yanapita juu kabisa, yanashuka upande wa pili.

Wiki hiyo hiyo alikuja Riziki kutoka Kabambare. Riziki alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, mwaka mmoja nyuma yangu, na alikuja kushonewa nguo zake za arusi na Shangazi. Mchumba wake, Amisi, alikuwa mkulima wa kijiji cha Wamaza. Msichana alikuwa na furaha mpaka inachosha. Alipoona lile gurudumu likisimamishwa, alinishika mkono, akaniita yaya, kama dada yake mkubwa.

“Yaya Mwajuma, tutapanda sisi wawili?”

“Tutapanda,” nikamjibu, kama mtu aliyezaliwa juu ya gurudumu.

Siku ya sikukuu tukaenda. Kwa mbali nilikuwa mzima. Tulipofika chini yake nikainua macho, nikaona sanduku moja limefika juu kabisa linayumba, na ndani yake miguu ya watu inaning’inia. Mwanangu, mate yalinikauka. Magoti yakawa kama si yangu. Hayo yote ni woga tu, na woga si kosa. Kila kiumbe kinao, hata mbuzi anao. Lakini unajua nilifanya nini? Riziki alikuwa tayari kwenye mstari, ananipungia mkono nije. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie:

“Mimi sipandi kitu kile. Huko Bukavu kilikatika, kikaua watu wawili.”

Habari hiyo niliitoa wapi? Hakuna mahali. Ilitoka mdomoni yenyewe. Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu akauliza kwa hofu, “Kiliua nani?” Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaongeza: “Mutu na bibi yake.” Uone akili yangu! Nilishindwa kutamka neno moja dogo la ukweli, lakini nilipata nguvu ya kutunga arusi nzima ya maiti.

Riziki alinisikia. Akacheka, akasema, “Sasa unaniambia, nimeshafika mbele?” Akaingia kwenye sanduku pamoja na msichana mwingine wa mjini. Gurudumu likaanza kuzunguka. Huku chini maneno yangu nayo yalikuwa yanazunguka. Hayakuchukua muda yakanirudia kutoka upande wa pili wa uwanja: waliokufa Bukavu walikuwa watatu, tena mmoja ni mjamzito. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua yote.

Riziki alizunguka mara mbili akipiga kelele za furaha. Mzunguko wa tatu, moteri ikakohoa, ikazimika. Masanduku yakasimama yalipo. Fundi wa ile mashini, kijana mmoja wa Kindu aliyeitwa Kalenga, alitoka pale alipokuwa akapaza sauti:

“Mukae tu! Mafuta ndiyo imekwisha! Musitikisike, nitawashusha polepole na mukono!”

Watu wangekaa. Nakuhakikishia wangekaa, kwa sababu sauti yake ilikuwa tulivu. Lakini chini watu wakaanza kupiga mayowe: “Inakatika! Inakatika kama ile ya Bukavu!” Wanawake wanalia, wengine wanaita majina ya watoto wao walio juu. Sanduku la Riziki lilikuwa limesimama karibu na usawa wa paa la duka. Akasimama wima. Akaanza kunitafuta kwa macho katika watu wote wale, akanipata. Aliniangalia akingoja niseme kitu. Ningesema, “Riziki, kaa, nimedanganya,” angekaa. Mdomo nilikuwa nao. Sikuufungua.

Akaruka.

Sitakueleza sauti ya mfupa. Walimbeba kwa ubao wa meza mpaka lopitali, yaani hospitali, na mimi nikawafuata nyuma nikiwa nimeshika kiatu chake kimoja. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Pale uwanjani, yule Mzungu mwenye gurudumu alimfokea Kalenga mbele ya kila mtu, kwamba ameiharibu mashini kwa uvivu, na kwamba sasa Kasongo nzima inasema ni mashini ya kuua. Akamnyang’anya kitabu chake cha ruhusa. Wewe hujui maana ya kitabu wakati ule. Bila kitabu, mtu hakuruhusiwa hata kuvuka mto Lualaba kurudi kwao. Alimwambia atamwacha hapa hapa.

Jioni, Shangazi alikuwa kwenye cherehani anamalizia pindo la nguo ya Riziki. Nikakaa karibu naye, nikasema, bila aibu, “Ile mashini ni mubaya sana, Shangazi.”

Akasimamisha miguu.

“Habari ya Bukavu, nani alikuambia?”

Nikaanza kuokota vipande vya nyuzi chini.

“Mwajuma, nimeuliza.”

“Niliitunga.”

“Kwa nini?”

“Niliogopa kupanda.”

Nilingoja kofi. Halikuja. Alivua miwani, akajipangusa uso kwa kile kitambaa cha arusi, akaonekana amechoka kuliko nilivyowahi kumwona.

“Ni hiyo tu?” akasema. “Ulikuwa unaogopa? Mutoto wangu, hata mimi ninaogopa ile kitu! Ungesema. Ungesema, ‘Shangazi, ninaogopa,’ tungekaa wawili pale chini, tukule ndizi, tuangalie wengine. Nani angekufunga? Mutu mumoja iko lopitali, mwingine amenyang’anywa kitabu, kwa sababu wewe hukutaka watu wajue una moyo kama wao!”

Kisha akaanza kushona tena kwa hasira, na uzi ukamkatikia mara tatu.

Asubuhi alinichukua kwanza kwa Riziki. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama miguuni pa kitanda. Aligeuza uso ukutani. Akasema neno moja tu: “Nilikuangalia.” Nikakiweka kile kiatu chake chini ya kitanda.

Kutoka hapo tukaenda uwanjani. Gurudumu lilikuwa limesimama, hakuna hata mtu mmoja wa kulikaribia, isipokuwa waliokuja kulitazama kwa mbali na kusimuliana. Yule Mzungu alijua Kiswahili chetu. Nikasema mbele yake, mbele ya Kalenga na mbele ya wale wote: hakuna aliyekufa Bukavu, ni mimi niliyetunga kwa sababu niliogopa. Watu walinizomea. Mzungu akaniuliza kama nina wazimu. Kalenga akapata nafasi ya kusema lake, kwamba pipa la mafuta lilifungwa kwa kufuli na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana wake mwenyewe tangu asubuhi ya sikukuu. Watu wakamwangalia Mzungu. Naye akawa mwekundu, akatoa kile kitabu na ufunguo, akavitupa juu ya kamio, akaondoka. Samahani hakuomba. Sikuitegemea.

Nilidhani tumemaliza, nikageuka twende. Lakini yale magoti yangu yalinikasirisha, mwanangu. Yalikuwa yanatetemeka tena, na hata sikuwa nimegusa chuma! Nikarudi kwa Kalenga, nikamwomba anionyeshe ile mashini inavyofanya kazi. Alikuwa na haki ya kunifukuza. Alinitazama kwa chuki kidogo, akasema:

“Uliza yote unataka. Lakini uliza kwa sauti, kama vile ulidanganya kwa sauti.”

Nikauliza kwa sauti. Nini kinashika masanduku? Akanionyesha vyuma vinene vilivyopita pande zote mbili, akavigonga kwa nyundo. Kwa nini yanayumba? Akasema yakikataa kuyumba, watu watamwagika kama maji ya ndoo iliyoinamishwa. Moteri ikizimika je? Akanionyesha mkono wa breki, akasema anaweza kulishusha gurudumu polepole kwa mikono yake, na hilo ndilo angelifanya jana kama watu wangempa nafasi. Nikaingia kwenye sanduku likiwa bado chini. Nikakaa tu. Nikapumua. Nilipozoea kukaa, nikamwambia, “Ninaogopa.” Ilikuwa mara ya kwanza kulisema bila kuulizwa.

“Sawa,” akasema. “Ukitaka kushuka, nyoosha mukono. Nitasimamisha.”

Shangazi akaniambia, “Sikulazimishi.” Nikasema najua.

Kalenga akawasha moteri, gurudumu likapanda. Usifikiri woga ulinitoka; wanaosema hivyo wanakudanganya. Ulipanda pamoja nami, ukafika juu pamoja nami. Nilishika chuma kwa mikono miwili, nikakaza macho kwenye mnara wa kanisa la misioni usiokwenda popote, nikatoa pumzi polepole, kwa maana nikiibana ndani naona kizunguzungu. Niliona michikichi yote kwa juu, na mapaa, na wanawake wakirudi mtoni na ndoo. Tukashuka. Nikanyoosha mkono, na Kalenga akasimamisha, kama alivyosema. Mzunguko mmoja. Sikurudia tena maisha yangu yote, na sioni haya.

Riziki alikaa lopitali wiki nyingi. Arusi iliahirishwa, na kulikuwa na ndugu wa Amisi walionong’ona kuhusu bibi arusi kilema. Amisi mwenyewe alikuja kwa baiskeli kutoka Wamaza, akakaa naye siku mbili, akawaambia ndugu zake yeye hakuchumbia mguu. Walioana baada ya mavuno ya mpunga. Riziki alitembea akiburuta mguu ule mpaka kufa kwake. Miaka mitatu hakuniita mahali popote. Alipojifungua mtoto wa kwanza, nyumbani kwa mama yake, akatuma mtu: Mwajuma aje anisaidie. Nilikwenda Kabambare kwa miguu, na tulipokuwa peke yetu akaniwekea nafasi mkekani karibu naye. Alinipa mtoto nimshike.

Sasa nisikilize, na usiniambie tena habari ya tumbo. Ukiogopa, sema, “Naogopa.” Kisha uliza. Nenda kwa yule anayeendesha kitu chenyewe, umuulize kinashikwa na nini, kinasimamishwa vipi, na utampa ishara gani ukichoka. Kaa ndani kikiwa bado chini. Macho yako yatafute kitu kisichotikisika, na pumzi yako uitoe. Ukiona unaweza, panda. Ukiona huwezi, baki, na uwapungie wenzako mkono kwa furaha. Kupanda au kutopanda ni shauri lako, na mimi sitakupenda zaidi wala kidogo. Lakini usitafute uongo wa kufunika woga wako, kwa sababu woga wako ukibaki wako utakutetemesha wewe tu, na ukiugeuza kuwa habari utaingia kwa watu walio juu, mahali ambapo hakuna pa kukimbilia. Na ukiwa umeshakosea, na mtu akakutafuta kwa macho, fungua mdomo. Hapo hapo. Usingoje asubuhi.

Mungu akulinde uendako, mwanangu. Akupe marafiki wasiokucheka, ulimi usiokutia aibu, na miguu miwili mizima ya kukurudisha nyumbani. Amina.